Tairi za mtumba kwa gari ngumu ya zamani: maswali yenu na majibu

Safari hii karibu barua zote ni za tairi, na karibu zote zinatoka kwa watu wenye gari za 4WD za miaka ya themanini na tisini ambao hawana uwezo wa kununua tairi mpya nne kwa mpigo. Nimeanza na barua moja ndefu mana imebeba mambo mengi ambayo wengine mmeuliza nusu nusu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1991, ilikuwa ya baba sasa iko kwangu na sina mpango wa kuiuza. Tairi ni 7.50R16 na zimeisha, mbili zimeshakuwa kipara kabisa. Kuna mtu anabadilisha zake, anauza nne za 265/75R16 zina kashata (yale meno yanayokanyaga barabara) nene bado, mbili za kampuni moja na mbili za kampuni nyingine, anasema zinaingia bila shida mana zake ni 16 na zangu ni 16. Rimu zangu ni zile za chuma, nimepima upana nikapata inchi 5.5. Nichukue? Na nikienda kuangalia tairi za mtumba kwa ujumla niangalie nini?

JIBU: Ndugu yangu, hizo usichukue, na umefanya vizuri sana kupima rimu kabla hujatoa hela, wengi wanapima baada.

Kuingia zitaingia, hapo muuzaji hajakudanganya. Lakini ile 16 ni kipenyo cha rimu tu, haisemi chochote kuhusu upana wake, na tairi ya 265/75R16 imetengenezwa kukaa kwenye rimu ya inchi 7 mpaka 8. Ukiibana kwenye 5.5 midomo yake miwili, zile kingo zinazokaa kwenye rimu, inasogezwa karibu karibu, mbavu zinatuna kwa nje, alafu sehemu ya katikati inapanda juu na kuanza kukanyaga barabara peke yake. Matokeo yake kashata inaliwa katikati huku pembeni bado mpya, kwenye kona gari inayumba kama imepandishwa juu ya mito, na ukienda porini ukapunguza upepo kidogo mdomo unaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa unakata kona. Yani tairi nzuri inaharibika kwa sababu ya rimu.

Ngoja nikupe hesabu yenyewe mana itakusaidia na kesho. 265 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya huo upana ambayo ndo urefu wa ubavu, kwa hiyo ubavu mmoja ni kama 199, mara mbili 398, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, unapata tairi ya urefu wa kama 804. Sasa fanya hivyohivyo kwa 235/85R16 unapata 806. Na hiyo 7.50R16 yako ya zamani iko hapohapo karibu. Kwa hiyo kwa urefu zote tatu ni ndugu, kinachozitenganisha ni upana. 7.50 inakaa vizuri kwenye rimu yako ya 5.5, ile 235/85 inataka kuanzia inchi 6 mpaka 7.5. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta 7.50R16 za mtumba zenye hali nzuri na kubaki na rimu za baba, au kama unazipenda 235/85 basi tafuta anayeuza tairi pamoja na rimu zake, watu wanaobadilisha seti nzima wapo wengi na mara nyingi wanataka tu vitu vitoke njiani. Ila hakikisha rimu ni za Land Rover kama yako, mana matundu yenu ni matano kwenye duara la milimita 165.1, wakati Land Cruiser na Patrol nyingi ni sita kwenye 139.7 na Suzuki ndogo ni tano kwenye hiyohiyo 139.7. Rimu ambayo "karibu inaingia" iache palepale, usikubali mtu aipanue matundu.

Alafu hiyo habari ya mbili za kampuni hii na mbili za kampuni ile. Kwenye gari ya kawaida ningesema weka pea pea, mbele pea moja nyuma pea nyingine, maisha yaendelee. Lakini Defender inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na katikati ina difu ya kugawa mwendo kati ya mbele na nyuma. Kama tairi za mbele ni fupi kuliko za nyuma hiyo difu haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka, na ukiifunga ukiwa sehemu kavu, vyuma vinajikaza mpaka lever inagoma kurudi. Tofauti ya kashata ya milimita 4 tu inaleta tofauti ya sentimita 2.5 kwenye mzunguko wa tairi, na tairi za kampuni mbili zenye maandishi yaleyale zinaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Kwa hiyo nenda na futi ya kamba, ile ya fundi cherehani inatosha, jaza upepo sawa tairi zote, izungushe katikati ya kashata usome. Nne zikiwa zinapishana kwa sentimita moja hivi sina neno. Zikipishana sentimita tatu, nne, tafuta nyingine.

Sasa umri. Kwenye ubavu tafuta herufi DOT, ufuate msitari wake mpaka mwisho, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi hizo nne zinakuwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona nje ingia chini ya gari uangalie upande wa ndani, usikubali jibu la "zimefutika". Ukikuta tarakimu tatu tu badala ya nne hiyo tairi ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, haijalishi kashata ina urefu gani, ni ya kutengenezea bembea ya watoto. Gari za porini ndo zinaongoza kwa ugonjwa huu mana nyingi zinatembea kidogo, zinasimama juani, kashata inabaki nene huku mpira unakufa. Kampuni kadhaa kubwa za tairi zinashauri tairi yoyote itolewe ikifikisha miaka 10 hata kama inaonekana nzima, na ikishapita mitano ikaguliwe kila mwaka. Mimi kwa mtumba sinunui iliyopita miaka sita, mana nataka na mimi niitumie miaka michache. Ukishajua mwaka, bonyeza kashata na kucha, mpira mzima unapokea alama kidogo na kuirudisha, uliokufa ni kama unabonyeza meza. Kunja ubavu kwa mikono miwili uangalie kama kuna vimistari vinafunguka, hasa pale karibu na rimu na kwenye mizizi ya kashata.

Na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote: ukiweza, iangalie tairi ikiwa imetolewa kwenye rimu. Nilishanunua nne zikiwa zimefungwa kwenye rimu, kashata safi, mwaka mzuri, zimepakwa ile dawa ya kung'arisha zinawaka. Siku ya tatu nikiwa na familia kwenye lami nikaanza kusikia stelingi inatikisika taratibu, nikadhani ni balansi. Nikapunguza mwendo, mtikisiko ukawa mkubwa zaidi badala ya kupungua. Nikasimama nikazunguka gari nikipapasa tairi moja moja, ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai, na ubavuni kulikuwa na nundu ya ukubwa wa nusu yai. Nikafunga spea. Baadae tulipoifungua ndani tukakuta unga mweusi wa mpira, unamwagika kama majani ya chai, na kuna duara limechubuka limezunguka ubavu wote kwa ndani. Hiyo tairi ilishawahi kutembezwa haina upepo, mbavu zikajisaga zenyewe, alafu mtu akaijaza tena akaiuza. Kwa nje ilikuwa haina hata mkwaruzo.

Ndo mana nasema ifunguliwe. Ingiza mkono ndani zungusha taratibu, unatafuta huo unga, huo mchubuko wa duara, nyuzi zilizojitokeza, na viraka. Kiraka kimoja kilichobandikwa vizuri kwa ndani, katikati ya kashata, tundu dogo la msumari lisilozidi milimita 6, hicho hakinisumbui. Kiraka cha ubavuni au kwenye bega la tairi hicho hapana, hata kama muuzaji anaapa kimekaa mwaka. Angalia na midomo, kama imekatwakatwa na vyuma vya kufungulia mpaka waya unaonekana iache. Muuzaji anayekataa kabisa tairi isifunguliwe hata ukijitolea kulipia kazi, muage vizuri uondoke.

Kuna kitu cha mwisho kwenye barua yako ambacho hukuuliza ila nakuongezea, uzito. Baada ya maandishi ya saizi kuna namba na herufi, mfano 112Q au 116N. Hiyo namba ni uzito ambao tairi moja inabeba: 104 ni kilo 900, 112 ni kilo 1120, 116 ni kilo 1250. Herufi ni mwendo, N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160. Kwenye kibati cha gari kuna uzito wa juu wa ekseli ya nyuma, gawa kwa mbili, tairi iwe na uwezo huo au zaidi. Gari inayobeba mizigo na watu ikafungwa tairi laini za gari ya mjini kwa sababu tu saizi inafanana inachemsha tairi mpaka zipasuke, na zinapasuka ukiwa umejaza watu.

SWALI: Fundi mimi nimeshapata tairi nzuri tyubulesi kwa ajili ya gari yangu ya zamani lakini zinavuja taratibu, kila baada ya siku mbili najaza. Fundi wa huku anasema dawa ni kuweka tyubu ndani. Ni sawa?

JIBU: Inategemea rimu, na kwa gari za umri huo swali la rimu linakuja kabla ya swali la tyubu.

Kwanza tafuta inapovuja, sabuni na maji tu, paka kwenye mzunguko wa rimu, kwenye valvu, na kama rimu ina ribiti paka na kwenye ribiti. Mara nyingi kwenye rimu za chuma za zamani ni kutu pale mdomo wa tairi unapokaa, tairi ya zamani ilikuwa imeshazoea vile vishimo, hii mpya kwako haijazoea. Toa tairi, sugua na brashi ya waya mpaka chuma kiwe laini, paka rangi nyepesi iache ikauke kabisa, badilisha na valvu, rudisha. Hapo wengi shida inaisha na hamna haja ya tyubu.

Kama rimu yenyewe ni ya enzi za tyubu, yani ina ribiti au imeundwa kwa vipande, hiyo haishiki upepo kwa hali yoyote na tyubu ni lazima. Pia rimu za enzi hizo nyingi hazina kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia mdomo wa tairi usiteleze kuingia katikati, ndo mana tyubulesi juu yake bila tyubu si salama hata kama haivuji. Unapoweka tyubu basi iwe ya saizi ya hiyo tairi na iwe ya tairi za radiali, zile zenye herufi R kwenye saizi, usikunje kubwa ikae kwenye ndogo mana mkunjo ndo unaopasuka. Ndani ya tyubulesi huwa kuna stika za kiwandani na vinundu vya mpira, vyote viondolewe na pasuguliwe laini, visipoondolewa vinasugua tyubu mpaka inatoboka na utalaumu barabara. Paka poda kidogo.

Na kama rimu zako ni zile za vipande, zenye pete ya pembeni ya kufungia, nakuomba usizifungue mwenyewe nyumbani na usimwachie mtu asiyezijua. Upepo wote unatolewa kwa kuchomoa kile kidude cha ndani ya valvu kabla nati yoyote haijaguswa, na wakati wa kujaza tairi inakuwa ndani ya kizimba cha chuma au imefungwa minyororo, mtu amesimama mbali na mpira mrefu. Ile pete ikiruka inaua, imeshaua mafundi wazoefu. Hata kwenye rimu za kawaida, mdomo ukigoma kukaa usiendelee kuongeza upepo kupita psi 40 ukisubiri mlio, toa upepo wote, paka sabuni, anza upya.

SWALI: Nimepata hela ya tairi mbili tu, zilizobaki mbili zina kashata kama nusu. Gari ni Land Cruiser ya zamani, 4WD unaweka mwenyewe kwa lever. Nzuri nifunge mbele au nyuma?

JIBU: Nyuma. Najua moyo unakwambia mbele kwa sababu ya stelingi, lakini mbele ikiteleza kwenye maji unahisi mkononi na ukiachia mafuta gari inarudi, nyuma ikiteleza gari inageuka kabla hujafikiri. Kwenye lami tembea na 2WD kama kawaida, 4WD iweke kwenye tope, mchanga au changarawe tu, mana kwako mbele na nyuma vinafungwa pamoja moja kwa moja bila difu katikati. Ukitoka kwenye tope itoe. Na usifunge mpya moja kushoto na nusu moja kulia kwenye ekseli moja hata kwa siku moja, hasa kama difu ya nyuma ni ya kujifunga.

SWALI: Suzuki yangu ilikuja na 205R16. Rafiki ananiuzia 235/85R16 kwa bei nzuri sana na rimu zake. Gari si itakuwa juu zaidi na nzuri zaidi porini?

JIBU: Dada, itakuwa juu kwa sentimita 3 tu, mana tairi inaongezeka kama 6 na nusu na nusu yake iko juu ya ekseli. Hizo tatu utazilipia. Tairi inakuwa ndefu kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo mita ya spidi ikisema 80 wewe uko 87, gia zote zinakuwa nzito, klachi inafanya kazi zaidi kila unapoondoka kwenye kilima, na breki ambazo hazikuwa na nguvu ya ziada zinapewa gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Ukikata stelingi mpaka mwisho inagusa madigadi au springi, na itagusa zaidi gari ikiwa imebeba au springi imelala, kwa hiyo hata ukijaribu uwanjani ikapita bado hujajua.

Kwa injini ndogo kama yako mimi nashauri ubaki na 205R16 lakini uchague kashata ya porini, ile yenye mifereji mipana na mabega yenye meno. Tairi nyembamba inachimba tope mpaka ifike chini penye ugumu, na injini yako inaizungusha bila kulalamika. Angalia maandishi M+S (tope na theluji) ubavuni kama unapita tope, ila fahamu hayo ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe, kama unaendesha kwenye theluji ya kweli tafuta ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, hiyo ndo tairi iliyopimwa.

SWALI: Nimeshafunga tairi za mtumba nne, zote sawa, nashukuru kwa ushauri wa nyuma. Nijaze upepo kiasi gani? Ubavuni imeandikwa psi 65.

JIBU: Hiyo 65 ni mwisho wa tairi, upepo inaouhitaji ikibeba mzigo wake wote wa juu, si upepo wa gari yako. Anza na namba za kibati au kitabu cha gari, na kama umehamia kwenye tairi za plai nyingi, zile za magari ya mizigo, ongeza kidogo juu ya hapo mana zinahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Kama huna uhakika chora msitari wa chaki kukatiza kashata kutoka bega mpaka bega, tembea mita mia kwenye sehemu iliyonyooka alafu angalia, chaki ikifutika katikati tu upepo umezidi, ikifutika pembeni tu umepungua.

Kwenye mchanga laini shuka mpaka psi 18 hivi, mwendo uwe wa pole na usikate kona kwa nguvu, ukirudi barabara ngumu jaza kwanza ndo uondoke. Alafu kwa sababu rimu zimetolewa na kurudishwa, kaza nati tena ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, kwa spana ya mkono na kwa kuvuka vuka, si kwa kuzunguka. Spea nayo ipimwe upepo siku hiyohiyo, na iwe ya mzunguko uleule kama hizo nne.